Mialoni ya Merikebu: Siku Tano Hérisson na Msitu wa Tronçais

Alhamisi, 2 Oktoba

Tumefika Hérisson, katikati ya Ufaransa, saa kumi jioni. Kutoka Clermont-Ferrand ni kilomita 100 na ushei kuelekea kaskazini, na rasharasha haikutuacha njia nzima, mdogo wangu akiendesha na mimi nikisoma vibao. Barabara inashuka, inapinda, na ghafla ngome yote iko mbele yako. Minara iliyobomoka imesimama juu ya mwamba, mto Aumance unapita miguuni pake, na mapaa ya vigae vya kahawia yamejibana hapo chini. Jina la kijiji kwa Kifaransa maana yake ni kalunguyeye, na wakazi wake ni kama 600 tu.

Niseme kilichonileta. Mimi ni mtoto wa fundi wa majahazi, mzaliwa wa Nungwi, na mwenyewe nimeshika tezo tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Mwaka juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka huku anakofanya kazi, akaniambia, "Kaka, kuna msitu hapa karibu, miti yake iliachwa ikue kwa ajili ya merikebu za vita, na mpaka leo mingine bado imesimama." Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nikifikiria mtu anayeotesha mti kwa ajili ya chombo ambacho hatakiona kikishuka majini. Sasa nimepata nafasi ya kuja, na huo msitu, Tronçais, uko dakika ishirini tu kwa gari kutoka hapa.

Kuna jambo jingine limenifuata mpaka huku. Siku mbili kabla ya safari, Ami aliniita nyumbani kwake. Fundi mmoja anautaka mwembe wa nyuma ya nyumba yetu ili aupasue mbao za mashua. Baba hayupo tena na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo Ami anasubiri neno langu. Nilimwambia nitamjibu nikiwa njiani.

Tumelala kwa bibi mmoja anayekodisha vyumba karibu na mto. Chakula cha jioni kilikuwa pai ya viazi, chakula cha jimbo hili la Bourbonnais. Viazi hukatwa vipande vyembamba, vikafunikwa kwa unga uliokandwa, na pai ikitoka jikoni hufunuliwa tundu juu ikamiminiwa malai. Mdogo wangu aliuliza kwanza kama ndani mna nguruwe. Bibi akasema hamna, akaketi nasi mpaka sahani zikaisha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua imekatika. Asubuhi nzima tumezunguka kijijini.

Wageni wengi hukimbilia ngome, lakini mimi nilisimama kwanza mbele ya nyumba moja iliyo karibu na lango la Gâteuil, lango la zamani lenye minara miwili. Ni nyumba ya fremu ya mbao, magogo yamesimamishwa, mengine yamelazwa mshazari, na katikati yake pamejazwa ukuta. Pembeni chokaa imebanduka, pakabaki tundu la ukubwa wa kiganja. Nikainama nikachungulia. Ndani mna fito zilizopangwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na manyasi. Nikamwita mdogo wangu aje aone. Ni nyumba ya kukandika, ile ile tuliyozaliwa ndani yake, tofauti ni kwamba nguzo ni mwaloni na si boriti ya mkoko. Nilitia kidole kwenye udongo ule nikausikia umekauka mkavu kabisa, ilhali mvua ilinyesha jana yake mchana kutwa. Paa limetokeza nje vya kutosha. Fundi aliyeijenga alijua kazi yake.

Ngome ilikuwa ya watawala wa Bourbon. Aliyeifanya kuwa ngome kubwa ni Duke Louis wa pili, aliyeishi kati ya 1337 na 1410, wakati Ufaransa na Uingereza zikiwa katika vita virefu na kila kilima kikihitaji ukuta. Katika karne ya 17, baada ya uasi wa makabaila ulioitwa Fronde, ngome ikabomolewa isije ikamfaa mtu kumpinga mfalme, na watu wakachukua mawe wakajengea. Ukipita vichochoroni utaona jiwe zuri la kuchongwa limekaa kwenye ukuta wa banda la kuku. Kanisa la Saint-Sauveur nalo limetoweka, umebaki mnara wa kengele peke yake, umesimama kati ya nyumba. Mchoraji Henri Harpignies alikuwa akija hapa kila kiangazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 kuchora mto na mialoni yake, na wachoraji wengine wakamfuata. Ukisimama kwenye daraja saa ya magharibi unaelewa walichokuwa wakikifuata.

Alasiri tulipanda hadi Châteloy, kanisa la kale lililo peke yake ukingoni mwa bonde, lenye michoro ya watakatifu iliyofifia ukutani. Hatukukaa sana. Kutoka pale juu, ukitazama mashariki, unaona mstari mweusi mrefu upande wa pili wa mashamba. Ule ndio msitu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Huku mwezi huu jua linachelewa. Tuliondoka saa moja asubuhi gizani, na mpaka saa mbili kasoro ndipo mbingu ikaanza kuwa nyeupe. Bibi mwenye nyumba alikuwa ametuunganisha na mzee mmoja, bwana misitu mstaafu, aliyetumikia Tronçais zaidi ya miaka thelathini. Alitungoja kando ya barabara amevaa buti za mpira na koti la kijani, akatupa mkono, akatangulia.

Msitu una hekta zipatazo 10,600 na ni mali ya serikali. Ulikuwa wa watawala wa Bourbon mpaka mmoja wao alipomwasi mfalme mwaka 1523, na mali zake zikaishia mikononi mwa ufalme. Kwa miaka mingi baada ya hapo uliliwa ovyo. Mifugo iliingizwa humo na kila mwenye shoka alikata. Ndipo akaja Colbert, waziri wa Louis wa kumi na nne. Alikuwa na jeshi la majini la kujenga na hakuwa na mbao za kutosha. Manowari moja kubwa ya zama zile ilikula mialoni elfu mbili hadi tatu. Mwaka 1669 ikatoka sheria ya maji na misitu, na kuanzia 1670 Tronçais ukafungwa, ukapimwa, ukaanza kuoteshwa upya. Mwaloni ulioanza kumea mwaka ule usingetoa mbao za manowari kabla ya miaka mia na hamsini, mia mbili. Colbert mwenyewe alikufa 1683. Miti yake ilikuwa bado fimbo.

Kipande kilichobaki cha msitu ule kinaitwa kwa jina lake, Futaie Colbert. Tuliingia ukungu ukiwa bado uko kati ya miti. Nimeona miti mikubwa maishani. Mibuyu mingi ni minene kuliko hii. Lakini sijapata kuona miti iliyosimama namna hii, wima kama milingoti, haina tawi hata moja mpaka juu kabisa, mita ishirini na zaidi, kisha ndipo majani yanaanza. Ukiinua kichwa unapata kizunguzungu. Hakuna aliyesema neno. Kilichosikika ni kokwa za mialoni zikianguka, moja hapa, moja kule, juu ya majani makavu.

Mzee alitueleza siri ya unyofu ule. Mwaloni ukiachiwa nafasi hutanuka na kutoa matawi ya chini. Ukisongamana na wenzake tangu utotoni, hukimbilia mwanga na kusahau pembeni. Na shina likishakuwa refu, huachwa miti mingine mifupi chini yake ilitie kivuli, maana jua likipiga gome vichipukizi hutoka ubavuni, na kila kichipukizi ni fundo kwenye mbao. Kwa hiyo kuna miti mizima inayotunzwa kwa ajili ya kuwatilia wenzao kivuli tu. Nilimwomba mdogo wangu amuulize mara mbili nihakikishe nimeelewa.

Hapo nikamkumbuka baba. Yeye alipoingia shambani kutafuta mti, mti ulionyooka alikuwa akiuangalia mwisho. Kwanza alitafuta uliopinda. Alikuwa akizunguka chini ya mwembe, mikono nyuma, macho juu, mpaka aone tawi lililokwisha kujikunja lenyewe umbo la taruma, yaani ubavu wa chombo, maana taruma la kuchonga kutoka mti ulionyooka hukatika nyuzi na halihimili wimbi. Nilimweleza mzee kwa ishara, nikikunja mkono wangu kama ubavu wa jahazi. Akaelewa mara moja, akafurahi kweli. Akasema mafundi wa manowari nao walikuwa hivyo. Miti mirefu ya msituni ilikwenda kwenye mbao za ubavuni na kwenye sitaha, na kwa mataruma walitafuta mialoni ya mashambani na kandokando ya njia, iliyokua peke yake na kujikunja.

Nilikuwa na kamba mfukoni. Nikauzungusha mwaloni mmoja usawa wa kifua, kisha nikaipima kamba kwa mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama tunavyopima nyumbani. Dhiraa nane na shibri, yaani kiganja kilichokunjuliwa. Miaka mia tatu na hamsini, au karibu yake.

Mialoni mingine ina majina. Tuliuona wa Stebbing, uliopewa jina la mwalimu wa misitu wa Edinburgh. Huyu ndiye aliyeonya mwaka 1935 kwamba jangwa la Sahara linasogea kusini. Kuna mwingine uliozinduliwa kwa heshima ya Marshal Pétain alipotembelea msitu Novemba 1940, wakati serikali yake iko Vichy chini ya kivuli cha Wajerumani. Vita vilipogeuka ukaondolewa jina hilo, ukaitwa Mwaloni wa Upinzani, kwa heshima ya waliowapinga Wajerumani. Mti haukujua lolote, ulikuwa ukiongeza pete yake kila mwaka.

Na manowari? Nilikuwa nikilisubiri swali hilo tangu asubuhi. Mzee alikaa juu ya gogo, akavua kofia. Mwaka 1859 Wafaransa waliteremsha majini manowari Gloire, ya mbao lakini imevishwa mabamba ya chuma. Baada yake zikaja za chuma tupu. Mialoni ya Colbert ndiyo kwanza ilikuwa imefikia umri wa kukatwa. Watu walilinda miti kwa vizazi sita au saba, na ilipokuwa tayari, bahari haikuihitaji tena.

Nilidhani ningehuzunika kusikia hivyo. Sikuhuzunika, na nilikaa nikitafuta sababu. Labda ni kwa kuwa nilikuwa nimeegemea mmojawapo.

Kabla ya kuagana alitupeleka kwenye uwanda ambako mialoni mikubwa imekatwa miaka michache iliyopita. Huku hawapandi kwa mikono isipokuwa pale inapolazimu. Hungoja mwaka wa kokwa nyingi, wakafungua paa la msitu kidogo kidogo, miche ikajiotea yenyewe. Nilipoinama niliona imejaa kama mchicha kitaluni, majani manne matano kila mmoja. Katika hekta moja huanza maelfu kwa maelfu, na kila baada ya miaka kadhaa bwana misitu hupita akichagua ipi iondoke na ipi ibaki. Miaka mia mbili baadaye hubaki chini ya mia. Mzee alisema amechagua miti maisha yake yote na hajawahi kukata mmoja aliouchagua kuubakiza. Alisema pia kwamba kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, mialoni ya kujengea upya paa na mnara ilitolewa katika misitu ya Ufaransa nzima, na maseremala wakachonga maboriti kwa mashoka ya mkono kama zamani, mpaka likafunguliwa tena Desemba 2024. Aliposema "mashoka ya mkono" alinitazama mimi.

Usiku tumerudi ukingoni mwa msitu bila taa, maana huu ndio mwisho wa msimu wa kulungu wa Ulaya kutafuta majike. Dume mmoja alinguruma karibu, sauti nzito ya kukwaruza inayotoka tumboni, na mwingine akamjibu kutoka mbali. Mdogo wangu alinishika mkono kama alipokuwa mtoto.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo ni siku ya mabwawa. Ndani ya msitu na pembeni yake yako kadhaa: Saint-Bonnet, Tronçais, Pirot, Saloup, Morat. Ukiyaona asubuhi, moshi wa ukungu juu ya maji na korongo amesimama kwa mguu mmoja, utaapa Mungu aliyaweka hapo siku ya kwanza. Lakini mabwawa haya ni kazi ya watu. Mwaka 1788 mtu aitwaye Nicolas Rambourg alianzisha viwanda vya kufua chuma hapa Tronçais. Maji yakazuiwa yazungushe magurudumu ya kusukuma mivukuto na nyundo, na moto ukatoka kwenye makaa ya msitu. Sehemu kubwa ya miti ilikatwa kwa ajili ya makaa. Tukiwa kwetu tunajua msitu uliochomewa makaa unavyoonekana, kwa hiyo nilisimama juu ya boma la bwawa nikajaribu kuwazia palivyokuwa, moshi na watu weusi kwa masizi. Baadaye katika karne ya 19 makaa ya mawe yaliushinda mkaa wa kuni, na serikali ikaurudisha msitu kwenye miti mirefu. Bwawa la Pirot lilichimbiwa shughuli nyingine, kulisha maji mfereji wa Berry uliokuwa ukipitisha mashua za mizigo. Mfereji ulifungwa katika miaka ya 1950. Bwawa lipo, na leo tumehesabu humo bata wa aina tatu na ndege wazamiaji wenye kishungi kichwani.

Adhuhuri tulikuwa Saloup, bwawa tulivu kuliko yote. Tulitia udhu ukingoni, maji baridi mpaka mifupa ikauma, tukaelekea kusini-mashariki tukasali juu ya majani makavu. Nilipoweka paji la uso chini niliisikia harufu ya ardhi ile, ya uyoga na majani yanayooza polepole, na kokwa moja ikanichoma gotini.

Kuna chemchemi humu msituni, Viljot, ambako husimuliwa kwamba wasichana walikuwa wakitupa pini majini wakiomba kuolewa. Nilitabasamu, maana kwetu pia kuna visima na mapango ambako watu huacha vitambaa na ubani. Maji yanayotoka ardhini gizani huwapa watu wote mawazo hayo hayo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Tulipokuwa tukiondoka tulipita kwenye uwanja wa wapasuaji wa mwaloni. Leo mialoni ya Tronçais huenda kwenye mapipa, na duniani kote watengeneza mvinyo wanalijua jina hili. Mimi si mtu wa mvinyo na sitakuwa. Lakini nilitaka kuiona mbao, na msimamizi alituruhusu.

Gogo hukatwa vipande vya urefu wa ubao wa pipa, kisha hupasuliwa kwa kabari. Kwa mwaloni huu hawatumii msumeno, kwa sababu msumeno hukata nyuzi na pipa litavuja, ilhali kabari hufuata njia ya nyuzi zenyewe. Kabari iliposhuka gogo lilitoa mlio mfupi, kavu, kama kidole kinachovunjwa, na likafunguka. Nilipewa kipande. Pete zilikuwa nyembamba na zimebanana hata sikuweza kuzihesabu kwa jicho, kila pete ni mwaka wa kusongamana na wenzake. Nilipoligusa kwa kisu changu, pale chuma kilipokutana na umajimaji wa mti pakageuka rangi ya wino. Nje mbao zimepangwa minara kwa minara, zinapigwa na mvua na jua miaka miwili au mitatu mpaka ukali ushuke, na maji yanayochuruzika yameifanya ardhi ile kuwa nyeusi. Nilimwambia mdogo wangu kwamba hawa hawatii kalfati. Sisi tunakaa siku nzima tunashindilia pamba kati ya mbao na kupaka sifa, yale mafuta ya papa, na wao wanategemea mti tu na pete za chuma. Mwaloni huu huziba matundu yake wenyewe unapozeeka.

Nikiwa bado nimeshika kile kipande nilimpigia Ami.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umelala wapi? Kuna baridi?"

Nikamwambia kuna baridi, tumelala salama. Nikamuuliza kama fundi wa mashua bado anautaka mwembe. Akasema alikuja tena jana, ameona matawi mawili ya mataruma, anasema hajapata mazuri kama yale mwaka mzima. Nikamuuliza nani aliupanda.

"Babu yako. Alifukia kokwa mwaka niliozaliwa mimi, kwa sababu mama yako mkubwa alikuwa akipenda embe. Hakuna aliyefikiria mashua."

Nikamwomba achukue kamba, auzungushe usawa wa kifua, apime kwa mkono wake. Akasema subiri. Nikasikia malapa yake yakiburuzika uani, kuku wakikimbia, mtoto akiulizwa kamba ya ng'ombe iko wapi. Huku mbele yangu kabari ilishuka mara mbili. Kisha akarudi kwenye simu akihema.

"Dhiraa saba na shibri," akasema. "Na mimi mwakani natimiza sitini na tano."